Mayahudi wa Algeria Chini ya Serikali ya Vichy: Vipi Walivuliwa Uraia, Shule na Mali (1940–1943)



Ndugu wasomaji, kila inapotajwa dhulma waliyofanyiwa Mayahudi katika Vita vya Pili vya Dunia, fikra zetu huenda moja kwa moja Ujerumani: Hitler, kambi, treni. Hilo ni kweli wala halina ubishi. Mayahudi wapatao milioni sita waliuliwa. Lakini wengi wetu hatujui kwamba sehemu ya dhulma hiyo ilifika Afrika, katika nchi ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, na kwamba huko haikupelekwa na jeshi la Ujerumani. Algeria haikukaliwa na jeshi hilo hata siku moja. Waliofanya ni watawala wa Kifaransa wenyewe, kwa sheria zilizopigwa chapa katika gazeti rasmi la serikali, moja baada ya nyengine, katika muda wa miaka miwili tu.

Tumeona tuieleze habari hii kwa urefu kidogo kwa sababu Waislamu wa Algeria walikuwepo, waliona, na wao pia walitiwa katika mtihani. Na pia kwa sababu wako wanaodhani kuwa dhulma ya namna hii huanza kwa risasi. Algeria ilianza kwa fomu za ofisini.

Walikuwa nani Mayahudi hawa?

Mayahudi waliishi Maghrib tangu kabla Uislamu haujafika huko. Wengine waliwafuata baada ya mwaka 1492, walipofukuzwa Hispania. Kwa karne nyingi walikaa Algiers, Oran, Constantine na Tlemcen, wakisema Kiarabu kama majirani zao na wakiwa na mahakama zao za dini kwa mambo ya ndoa na mirathi.

Ufaransa ilipoivamia nchi mwaka 1830, Muislamu na Myahudi wote wawili walihesabiwa watu wa chini. Sheria ya mwaka 1865 iliwaita wote raiya wa kutawaliwa, si wananchi wa Ufaransa. Aliyetaka uraia kamili aliruhusiwa kuuomba, kwa sharti la kuacha hukumu za dini yake katika ndoa, talaka na urithi. Waislamu walioomba walikuwa wachache mno, na sababu yake msomaji wetu anaielewa bila ya kuambiwa.

Tarehe 24 Oktoba 1870 mambo yalibadilika. Waziri wa sheria, Adolphe Crémieux, ambaye mwenyewe alikuwa Myahudi wa Ufaransa, alitoa amri iliyowapa uraia Mayahudi wa Algeria wapatao 35,000 kwa pamoja. Waislamu waliachwa pale pale, chini ya kanuni za "wenyeji" zilizomruhusu mtawala kumtoza Muislamu faini au kumfunga bila ya kumfikisha mahakamani. Anayejua habari za kipande kule Kenya ataufahamu upesi utawala wa namna hii.

Amri ile ilizaa chuki pande mbili, na ni lazima tuwe wakweli hapa. Chuki kubwa zaidi na yenye nguvu ilikuwa ya walowezi wa Kizungu, ambao hawakutaka kuwaona Mayahudi wakipiga kura sawa nao. Mwaka 1898 walimchagua Édouard Drumont, mwandishi aliyejulikana Ufaransa nzima kwa kuwatukana Mayahudi, awe mbunge wa Algiers. Kwa upande wa Waislamu palikuwa na uchungu wa kuona jirani amepandishwa nao wamebaki. Agosti 1934 uchungu huo uliripuka Constantine, na Mayahudi 25 waliuliwa katika ghasia zilizoanza kwa ugomvi karibu na msikiti. Hayo yametokea na hatuwezi kuyaficha. Tunayataja mapema ili msomaji ajue kwamba watawala wa mwaka 1940, walipotarajia Waislamu wawashangilie, hawakuwa wakiota tu. Walikuwa na cha kukitegemea.

Siku tisa za Oktoba 1940

Juni 1940 Ufaransa ilishindwa na Ujerumani. Nusu ya kaskazini ilikaliwa na Wajerumani. Kusini na makoloni yaliachwa chini ya serikali ya Kifaransa iliyohamia mji mdogo wa Vichy. Tarehe 10 Julai wabunge 569 dhidi ya 80 walimpa madaraka yote mzee wa miaka 84, Jemadari Philippe Pétain. Bunge likaishia hapo. Kuanzia siku ile sheria ilikuwa ni saini yake na ya mawaziri wake.

Tarehe 3 Oktoba ilitoka Kanuni ya Mayahudi. Kifungu cha kwanza kilieleza nani ni Myahudi: mwenye mababu na mabibi watatu wa "asili ya Kiyahudi", au wawili ikiwa mumewe au mkewe naye ni Myahudi. Tazameni kipimo chenyewe. Hakuulizwa mtu anaamini nini wala anasali wapi. Waliangaliwa wazee wa wazee wake, ambao wengi wao walikwishazikwa. Vifungu vilivyofuata vilitaja kazi ambazo mtu huyo hawezi tena kuzifanya: hakimu, mwalimu, afisa wa jeshi, mkuu katika ofisi za serikali, mhariri wa gazeti, mkurugenzi wa filamu au wa redio.

Kwa miaka mingi watetezi wa Pétain walisema kuwa alilazimishwa na Wajerumani, na kwamba yeye alikuwa akijaribu kupunguza makali. Mwaka 2010 ikatokea rasimu ya kanuni ile yenye masahihisho ya mkono wake mwenyewe. Rasimu ilikuwa imewasamehe Mayahudi wenye asili ya Kifaransa ya kabla ya mwaka 1860. Kalamu yake iliukata msamaha huo. Aliongeza kazi za kukatazwa, hakupunguza.

Tarehe 4 Oktoba ilitoka sheria ya kuwaruhusu wakuu wa mikoa kuwafunga kambini Mayahudi wa kigeni bila ya kesi. Tarehe 7 Oktoba waziri wa mambo ya ndani, Marcel Peyrouton, mtu aliyepata kufanya kazi ya utawala Algeria kwenyewe, alitia saini kufutwa kwa amri ya Crémieux. Kwa mistari michache Mayahudi wapatao 110,000, wengi wao wakiwa wamezaliwa wananchi na wazazi wao pia, waliamka si wananchi tena. Waliosazwa ni wachache waliokuwa na nishani za vitani.

Palibaki mlango mmoja: ile njia ya kuomba uraia mtu mmoja mmoja, ambayo ilikuwa wazi kwa Muislamu kwa masharti yake. Tarehe 11 Oktoba mlango huo nao ulifungwa kwa Mayahudi. Kwa hiyo hawakurudishwa walipokuwa kabla ya mwaka 1870; walitiwa chini zaidi. Siku tisa, sheria nne.

Shule, kazi na maduka

Baada ya uraia kuondoka, mengine yalikuja kwa wepesi, kwa sababu asiye mwananchi hana pa kushitaki. Walimu, makarani wa posta na wafanyakazi wa reli walianza kupokea barua za kuachishwa kazi. Juni 1941 ilitoka kanuni ya pili, kali kuliko ya kwanza, pamoja na amri ya kujiandikisha: kila Myahudi aende mwenyewe ofisini kutaja jina lake, watu wa nyumbani kwake, kazi yake na mali aliyonayo. Watu walipanga foleni na kuandika kwa uaminifu, kama mtu anavyofanya anapoitwa na serikali. Orodha hizo ndizo zilizotumika kwa kila kilichofuata.

Mawakili na madaktari wa Kiyahudi wakawekewa kikomo cha asilimia 2 ya watu wa fani yao. Chuo kikuu cha Algiers kikaambiwa wanafunzi wa Kiyahudi wasizidi asilimia 3. Wengi waliokuwa mwaka wa tatu na wa nne wa udaktari walifungiwa mlango katikati ya masomo.

Kisha ikaja zamu ya watoto, na hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Ndani ya Ufaransa yenyewe, hata mjini Paris chini ya macho ya Wajerumani, hapakuwekwa kikomo cha watoto wa Kiyahudi katika shule za msingi na sekondari. Algeria kiliwekwa. Mwaka 1941 Jemadari Maxime Weygand, mwakilishi wa Vichy Afrika ya Kaskazini, pamoja na wakuu wa elimu, waliamua watoto wa Kiyahudi wasizidi asilimia 14 ya shule. Mwaka uliofuata ikashushwa mpaka 7. Hapana Mjerumani aliyeomba jambo hili. Walowezi walikuwa wakilitaka kwa miaka mingi, na sasa wamempata wa kuwatilia saini.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Jacques Derrida, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri. Siku ya kwanza ya mwaka wa masomo, Oktoba 1942, akiwa na umri wa miaka 12, aliambiwa arudi kwao El Biar. Maelfu ya watoto walirudishwa namna hiyo, wengine wakiwa hawaelewi kosa lao. Jamii ya Kiyahudi ilifungua shule zake katika nyumba na kumbi, na walimu walioachishwa kazi wakawa ndio walimu wake. Mjini Oran, Albert Camus, ambaye hakuwa Myahudi, alifundisha watoto hawa katika masomo ya faragha kwa muda.

Mwisho wa mwaka 1941 ilifika Algeria sheria ya "kutoa mali mikononi mwa Mayahudi". Ilikuwa hivi: duka, kiwanda au nyumba ya kupangisha inayomilikiwa na Myahudi huwekewa msimamizi wa serikali. Msimamizi hushika funguo na daftari, hujilipa mshahara kutokana na mapato ya duka hilo hilo, kisha hutafuta mnunuzi asiye Myahudi. Mwenye mali hana sauti. Kwa mlowezi aliyekuwa akimtamani jirani yake duka, ilikuwa ni fursa ya halali kwa mujibu wa sheria za nchi, na walioomba kazi ya usimamizi hawakukosekana.

Waislamu walifanya nini?

Wakuu wa Vichy walitarajia Waislamu wafurahi. Aliyepandishwa juu yao mwaka 1870 sasa ameshushwa. Si haki imerudi? Baadhi ya watu bila shaka walifurahi, na propaganda za redio ya Berlin kwa Kiarabu zilikuwa na wasikilizaji wake. Lakini viongozi waliokuwa na uzito walilisoma jambo hili vyengine. Messali Hadj, kiongozi wa chama cha wananchi waliodai uhuru, ambaye Vichy ilimhukumu mwaka 1941 kifungo cha miaka 16 na kazi ngumu, alieleza kuwa kufutwa kwa amri ya Crémieux si maendeleo kwa watu wa Algeria, kwani kumpunguzia Myahudi haki yake hakukumuongezea Muislamu haki yoyote. Ndivyo ilivyokuwa: kanuni za wenyeji zilibaki kama zilivyo, na kura hakupewa Muislamu hata mmoja kwa sababu yake. Mtawala aliyeweza kufuta uraia wa watu 110,000 asubuhi moja alikuwa amewaonesha Waislamu thamani ya uraia wowote atakaowaahidi kesho.

Kwa upande wa wanavyuoni, Shaykh at-Tayyib al-‘Uqbi, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa Jumuiya ya Maulamaa ya Algeria, alisimama wazi. Habari zilipomfikia kwamba wako wanaowachochea Waislamu wawashambulie Mayahudi, alitoa katazo rasmi la kuwadhuru. Na kuhusu mali, José Aboulker, kijana wa Kiyahudi wa Algiers ambaye tutamtaja tena hapa chini, alisimulia kuwa maimamu wa mji ule waliwakataza waumini katika khutba ya Ijumaa wasikubali kuwa wasimamizi wa mali zilizonyang'anywa, na kwamba Waislamu wa Algiers hawakwenda kuziomba. Huu ni ushahidi wa mwenye kudhulumiwa mwenyewe, na watu hao wa msikitini walikuwa mafukara waliobanwa na mgao wa vita, sabuni na sukari zikiwa hazionekani. Hukumu ya jambo lenyewe haihitaji fatwa ndefu: mali iliyochukuliwa kwa dhulma haihalaliki kwa muhuri wa serikali, awe aliyenyang'anywa ni Muislamu au si Muislamu.

Nchi jirani tutazipitia kwa haraka. Moroko, Sultani Muhammad wa Tano alitia muhuri sheria zilizoandaliwa na Wafaransa, kwa kuwa nchi ilikuwa chini ya himaya yao, lakini aliwapokea wakuu wa Mayahudi na kuwahakikishia kuwa ni raiya wake sawa na wengine. Tunisia ndiko jeshi la Ujerumani lilikofika hasa, kuanzia Novemba 1942 mpaka Mei 1943. Wanaume wa Kiyahudi wapatao 5,000 walipelekwa kazi za nguvu, na jamii yao ikatozwa faini ya faranga milioni 20. Huko Mahdia, Muislamu mmoja mwenye shamba, Khaled Abdul-Wahab, alizificha familia za Kiyahudi shambani kwake mpaka Wajerumani walipoondoka.

Kambi za jangwani

Askari wa Kiyahudi waliokuwa katika jeshi la Ufaransa walitolewa silaha na kupelekwa Bedeau, kusini ya Sidi Bel Abbès, wakafanyishwa kazi za sulubu chini ya ulinzi. Kusini zaidi, upande wa Colomb-Béchar, Vichy ilikuwa na ndoto ya kujenga reli ya kuvuka Sahara mpaka mto Niger. Waliochimba na kubeba mawe ni wafungwa: wapinzani wa Franco waliokimbia Hispania, wakomunisti, na Mayahudi wa Ulaya waliojiunga na jeshi la Ufaransa kwa hiari mwaka 1939 ili kupigana na Hitler. Malipo yao yakawa hayo. Kambi ya adhabu ya Hadjerat M'Guil ilijulikana kwa jina la bonde la mauti. Wafungwa waliteswa humo na wengine wakafa kwa kupigwa. Mwaka 1944 wakuu wake walishitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi Algiers na baadhi yao wakahukumiwa kifo.

Ndani ya Ufaransa ngazi ile ile ilipandwa mpaka juu. Tarehe 16 na 17 Julai 1942 polisi wa Kifaransa, wakitumia kadi za usajili, waliwakamata Mayahudi 13,152 mjini Paris na vitongoji vyake, zaidi ya 4,000 wakiwa ni watoto. Wajerumani walikuwa hawajawataka watoto bado. Waziri mkuu Pierre Laval ndiye aliyependekeza walio chini ya miaka 16 wapelekwe pamoja na wazee wao. Januari 1943 ikafuata Marseille, ambako karibu Mayahudi 800 walitolewa, wengi wao wakiwa wenye asili ya Afrika ya Kaskazini. Walipelekwa Drancy, kisha Sobibor huko Poland. Kwa jumla Mayahudi wapatao 76,000 walisafirishwa kutoka Ufaransa, na waliorudi ni kama 2,500. Mzaliwa wa Algiers au Constantine aliyekuwa akiishi Paris alijikuta, siku polisi walipobisha hodi, hana tena uraia wa kumkinga. Kilichofutwa Oktoba 1940 kwa mistari michache kilikuja kudaiwa hapo.

Hapo Paris pia kuna waraka wa wizara ya mambo ya nje ya Vichy wa Septemba 1940, unaosema kuwa Wajerumani wanawashuku watumishi wa Msikiti Mkuu wa Paris, uliokuwa chini ya Si Kaddour Benghabrit, kwamba wanawapa Mayahudi vyeti vya uongo vinavyowatambulisha kuwa ni Waislamu. Mengi yamesimuliwa juu ya msikiti ule na mengine yametiwa chumvi, lakini waraka huo upo.

Ukombozi uliochelewa

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Novemba 1942 majeshi ya Marekani na Uingereza yalishuka pwani ya Algeria na Moroko. Mjini Algiers vijana wapatao 400 walikamata posta, makao ya polisi na nyumba za majemadari ili Vichy ishindwe kutoa amri. Wengi wao walikuwa Mayahudi. Aliyewaongoza mjini alikuwa José Aboulker, mwanafunzi wa udaktari mwenye umri wa miaka 22.

Mtu angedhani kuwa siku iliyofuata sheria za Vichy zilichanwa. Hazikuchanwa. Wamarekani waliona ni bora kupatana na wakuu wale wale waliowakuta, na mwisho wa Disemba Aboulker na wenziwe kadhaa walikamatwa na kupelekwa kusini. Januari 1943 Gavana Mkuu mpya aliteuliwa Algeria. Jina lake Marcel Peyrouton, yule yule aliyetia saini tarehe 7 Oktoba 1940.

Machi 1943 Jemadari Henri Giraud alitangaza kuwa sheria za ubaguzi za Vichy zimebatilika, watoto warudi shule na mali zirudi kwa wenyewe. Siku hiyo hiyo akaifuta tena amri ya Crémieux kwa saini yake, akidai kuwa haifai kumtofautisha Myahudi na Muislamu, hali ya kuwa Muislamu mwenyewe hakupewa kitu. Mayahudi walisubiri mpaka Oktoba 1943, chini ya serikali ya de Gaulle, ndipo uraia wao uliporejea, miaka mitatu kamili baada ya kuvuliwa. Waislamu walisubiri zaidi: Machi 1944 de Gaulle alifuta kanuni za wenyeji na kuwapa uraia Waislamu wachache tu, wenye vyeo, elimu au nishani, safari hii bila ya kuwataka waache hukumu za dini yao.

Peyrouton alishitakiwa baada ya vita. Mwaka 1948 mahakama kuu ilimwachia huru.